Injini Ishikwe Penye Pete Zake

Gari likinoki Jorodom, chini ya Mlima Hanang, mwenyewe aghalabu hana uwezo wala wasaa wa kulikokota hadi Babati au Arusha, kwa kuwa ndilo linalopeleka mahindi na maharage sokoni Katesh na ndilo linalomkimbiza mgonjwa usiku. Basi injini hushushwa papo hapo, chini ya mti wenye tawi nene au chini ya mirunda mitatu iliyofungwa pamoja kileleni, kwa cheni bloku ya kuazima. Sina neno na mti wala mirunda, maana uchache wa zana si taksiri ya fundi. Neno langu ni juu ya mahali pale mnyororo unaposhika injini yenyewe, kwani hapo ndipo maarifa yanapowekwa kando na mazoea yakapewa amri.

Injini nyingi hutoka kiwandani na pete zake za kuinulia, yaani vipande vya chuma kinene vyenye tundu, vilivyokazwa kwa bolti kwenye silinda hedi, kimoja mbele na kimoja nyuma, mara nyingi kwa mshazari, ili ndoano ikae juu ya kitovu cha uzito na mzigo usipinduke. Aliyeiunda injini alikwisha kupiga hesabu hiyo. Lakini injini ikifunguliwa mara ya kwanza, pete hizo huonekana kuwa kizuizi cha spana. Hufunguliwa, hutupwa katika debe la vyuma chakavu, na hazirudi tena. Fundi wa pili, asipoziona, huuzungusha mnyororo kwenye menifoldi ya hewa au huitia ndoano katika kishikizo cha alteneta, na huo ndio mwanzo wa hatari, kwa sababu bolti za menifoldi ziliwekwa kushika mfereji mwepesi wa hewa, wala hazikuwekwa kubeba thakili ya injini nzima. Tena menifoldi nyingi ni za alumini ya kumimina, ambayo haipindi kwanza ikampa mtu onyo. Hukatika ghafula, na mkono ulio chini hauna muda wa kuondoka.

Wazee wa kazi hunijibu kwamba wamefanya hivyo miaka mingi na hawakuona msiba. Nawasadiki, na tena nawaheshimu. Hanang si mgeni wa mitambo: tangu miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaani Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengineyo, yalilimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa kombaini zilizokuja kwa msaada wa Kanada. Watu waliokulia karibu na mitambo ile waliizoea injini ya zamani, yenye chuma kizito karibu kila upande, ambayo ilistahimili kushikwa vibaya. Injini zinazoletwa leo zimejaa alumini, na nyingine zina menifoldi ya plastiki. Desturi imebaki ile ile ilhali chuma kilichoivumilia kimeondoka.

Basi pete zikiwa zimepotea, fundi atazame silinda hedi kwa utulivu, atafute matundu yenye nyuzi yaliyoachwa wazi zilipokuwa pete za asili, ayasafishe mafuta na vumbi, kisha aingize bolti kwa vidole vyake kabla ya kugusa spana, apate ithibati kwamba nyuzi zake zinalingana na za tundu wala hazikulika. Bolti iwe ya chuma chenye nguvu, iliyopigwa chapa ya 8.8 au 10.9 kichwani, na iingie ndani kwa kina kisichopungua mara moja na nusu ya unene wake ikiwa hedi ni ya chuma, na mara mbili ya unene huo ikiwa ni ya alumini. Kipande cha chuma kinachobanwa badala ya pete kilale barabara juu ya hedi. Akikipandisha juu ya rundo la washa, bolti itavutwa upande, itapinda, na siku moja itakatika.

Tena kuna jambo la pembe, ambalo wengi hulidharau kwa kuwa halionekani kwa macho. Injini ya kilo 400 ikining'inia kwa minyororo miwili iliyosimama wima, kila mmoja huchukua kilo 200. Minyororo hiyo ikitanuka hata kila mmoja ukafanya pembe ya nyuzi 45 na usawa wa ardhi, kila mmoja huvutwa kwa kadiri ya kilo 283. Na ikilala zaidi, hadi nyuzi 30, kila mmoja hubeba kilo 400 kamili, kana kwamba mwenziwe hayupo. Mnyororo mfupi, basi, huweza kuongeza mzigo hata maradufu na kuzivuta pete kwa ubavu, na dawa yake ni kuurefusha, au kutia katikati gongo la chuma lenye ndoano mbili kwenye ncha zake.

Yaliyosalia ni machache. Giaboksi ikiachwa imefungwa, uzito huenda nyuma na ndoano sharti iufuate. Injini iinuliwe kimo cha kidole kwanza, isimamishwe, itazamwe. Miguu ya mirunda iwekewe mbao, hasa wakati wa mvua, kwa kuwa udongo wetu ukishiba maji hauaminiki, na tangu tarehe 3 Desemba 2023, mlima ulipoteremsha matope juu ya makazi ya watu, hapana wilayani asiyelijua hilo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeuweka wajibu wa kumlinda mfanyakazi juu ya mwajiri, nami sioni kwa nini mwenye gereji ya chini ya mti ajidhani yu nje ya sheria hiyo. Walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA nao wawafundishe vijana kuzirudisha pete kama wanavyofundishwa kurudisha bolti za hedi. Na wewe mwenye gari, kabla hujatoa malipo ya kwanza, muulize fundi wako injini ataishika wapi, umwombe akuonyeshe kwa kidole. Na kazi ikiisha, hakikisha pete zimerudi mahali pake, kwani atakayeishusha mara nyingine huenda akawa mwanao.