Mkuyu wa ukutani

Wengi mmetuuliza juu ya ule mti mdogo ulio katika beseni la zamani, mbele ya chumba tunamokutania hapa Golf. Unaitwa bonsai, neno la Kijapani: mti uliopandwa katika chombo kifupi kama sahani, ukatunzwa ubaki mdogo. Wetu ni mkuyu wa kawaida. Lakini kabla yake tuliua miti mitatu, na afadhali tuanze na hiyo.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, tulikwenda upande wa Kipushi kutafuta makala, tukaona misuku midogo, urefu wa goti, mashina yamepinda vizuri. Mwenye shamba akaturuhusu kung'oa mitatu. Siku ileile tukakata mizizi, tukaipanda katika sahani, tukapindisha matawi kwa waya. Baada ya majuma mawili majani mapya yakatoka. Tulifurahi, tukaita majirani. Mwezi wa kumi yote ilikuwa imekauka.

Tulikosa wapi? Musuku, kama miti mingi ya pori letu, hujenga chini kwanza. Moto wa kiangazi ukiunguza shina, mzizi unabaki na kuchipua tena. Mti wa urefu wa goti unaweza kuwa na mzizi wa miaka mingi, mnene kuliko shina, na sisi tuliukata kwa panga. Tena mizizi ya musuku huishi pamoja na uyoga ulio ndani ya udongo, na udongo ule tuliuosha wote, kama tunaosha mihogo. Na yale majani? Mti ulikuwa unakula akiba yake ya mwisho. Majani mapya hayaonyeshi kwamba mizizi imeshika.

Mkuyu tuliutoa katika ufa wa ukuta, kwa mama mmoja wa kikundi. Ndege hula tunda la mkuyu, huacha mbegu juu ya matofali, na mti unajishikiza hapo kwa udongo kidogo sana. Kwa anayeanza ni bora kuliko mti wa porini, maana umekwisha kuzoea shida, na mwenye nyumba anashukuru ukiuondoa kabla haujapasua ukuta wake. Lakini mama huyu alikuwa anahama. Parsele ilikuwa imeuzwa, naye alikuwa amepanga pale miaka 11, watoto wawili wamezaliwa pale. Alitaka kutoka na kitu. Tuliogopa kabisa kuuua.

Kwa hiyo tulingoja mvua zianze, mwezi wa kumi na moja. Tulipasua matofali kwa nyundo na patasi, polepole, tukaacha mizizi myembamba. (Maziwa ya mkuyu yasiingie machoni.) Tukaufunga katika gunia lenye maji. Beseni tulilitoboa chini kwa msumari wa moto, tukatia matofali ya kuchoma yaliyopondwa kama punje za mahindi, chenga za makala, na udongo kidogo wa majani yaliyooza. Udongo wa kichuguu, ule wa kufyatulia matofali, tuliuacha: unashika maji, mizizi inaoza. Mti tukaufunga kwa kamba usitikisike, tukauweka kivulini majuma sita. Siku maji ya bomba hayakuja, ulikunywa maji ya kuoshea mchele.

Halafu hatukufanya kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Mtoto mmoja aliuvuta aone kama umeshika, kama maharagwe tunayopanda darasani. Alikemewa sana, pengine kupita kiasi. Mwezi wa tatu ulipojaa majani, mama yule aliomba tuanze kuupinda. Tulikataa. Mwaka mzima, hakuna mkasi wala waya.

Sasa anakaa nyumba isiyo na kiwanja, basi anakuja kila Jumamosi kuumwagilia. Mvua zikirudi tutakata tawi la kwanza. Mkasi atashika yeye.