Nusu Kaputi na Presha Iliyofichwa

Hivi karibuni tulimsindikiza mzee wetu mmoja wa safu ya mbele kwenda hospitali kupasuliwa mawe ya nyongo. Mtaalamu wa usingizi alipompima presha, aliikuta juu mno, akaahirisha shughuli. Wanawe walikasirika, nasi, tukiri, tuliungana nao moyoni: mtu anakwenda kulazwa usingizi, presha ya nini? Baadaye ndipo ilipobainika kuwa mzee aliacha dawa zake miezi miwili nyuma, akawaficha wote.

Yafaa ndugu msomaji ajue kinachopita ndani ya mwili huo uliolala. Nusu kaputi si usingizi wa kitandani. Aliyelala kitandani huamka akifinywa. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Dawa ya sindano kama propofoli hutuliza mno kazi zake, hata mahitaji yake ya oksijeni na sukari yakashuka, na damu inayoupitia ikapungua kwa kadiri hiyo. Gesi za kuvuta nazo hushusha mahitaji, ila kipimo chake kikizidi hutanua mishipa ya ubongo na kuongeza damu. Mwili nao hupoa, na hiyo ndiyo sababu ya mablanketi, na ya wengi kutetemeka wazindukapo.

Hatari iko hapa: dawa hizo hizo hushusha presha. Ubongo wenye afya hutanua mishipa yake ili damu isiupungukie. Lakini aliyeishi na presha ya juu bila tiba, mishipa yake imezoea msukumo mkubwa. Kiwango kilicho salama kwa kijana, kwake huenda kikauacha ubongo na kiu. Hata pumzi huhesabiwa, kwani mashine ikimpumulisha mgonjwa kwa kasi mno, hewa ukaa hupungua katika damu na mishipa ya ubongo hujibana. Mtaalamu huyo hukesha juu ya vipimo hivi tangu mwanzo hadi mwisho.

Basi anapouliza habari za presha, kisukari, sigara, mitishamba na saa ya mwisho ya kula, anaulizia ubongo wa mgonjwa wetu. Mzee alificha kwa kuhofia kuahirishiwa, na akaahirishiwa.

Alirejea baada ya wiki 5, presha imetulia. Alipozinduka, kabla ya kuuliza habari ya kidonda, aliuliza kama adhuhuri imekwisha kupita.