Duka la Vitabu Likifungwa, Mfanya Kazi Hupoteza Nini?



Duka moja la vitabu katikati ya mji wetu wa Mombasa limefungwa. Halikuwa la serikali wala la kampuni kubwa. Lilikuwa duka la mtu na jamaa zake, na wengi wetu twalijua tangu tulipokuwa watoto wa shule. Jina lake hatulitaji, kwa maana mwenyewe hakututuma kumsemea, na mtu akichoka ana haki ya kupumzika. Lakini jambo lenyewe ni letu sote, kwa kuwa si duka hilo peke yake. Katika Kenya nzima, tangu mwaka 2018, wauza vitabu wamelia hadharani kwamba wenzao wafunga milango mmoja baada ya mwingine.

Kuna wenzetu kazini waliotuuliza: Chama cha wafanya kazi kina nini na duka la vitabu? Si afadhali mshughulikie mishahara na nyumba? Swali hilo ni la haki, na twataka kulijibu kwa urefu.

Mishahara yenyewe hutetewa kwa karatasi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki, haki ya kuingia katika chama, na haki ya kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema juu ya likizo, juu ya notisi na juu ya kuachishwa kazi. Mambo haya yote yameandikwa. Mwajiri anaye wakili wa kumsomea. Mfanya kazi anayo macho yake na kile awezacho kukisoma mwenyewe, basi. Wazee wa pwani walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali, na ikiwa hatujui ilipoandikwa, itapotea tukiwa twaitazama.

Katika duka lile mtu aliweza kununua Katiba, kamusi, vitabu vya mafundi wa chuma na wa umeme, karatasi za mitihani iliyopita, na daftari la kuwekea hesabu za kikundi. Kijana aliyekuwa akijifunza ufundi aliambiwa, “Kitabu hiki kitakushinda, anza na hiki kidogo.” Mzazi aliyepungukiwa aliandikiwa katika daftari mpaka mwisho wa mwezi. Mwenye shilingi hamsini na mwenye shilingi elfu walihudumiwa katika foleni moja. Asiyekuwa na kitu aliruhusiwa kusoma amesimama, na hakufukuzwa mradi mikono yake ni safi. Hayo ndiyo tuliyopoteza, na hayaandikwi katika hesabu ya biashara yo yote.

Tena, Mombasa si mji uliofundishwa kusoma jana. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyekufa kiasi cha mwaka 1840, yametufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua wa hapa hapa Mombasa na W. E. Taylor waliyahifadhi katika maandishi. Gazeti la African Standard lilianzishwa katika mji huu mwaka 1902 na A. M. Jeevanjee kabla halijahamia Nairobi mwaka 1910. Mwaka 1903 ilifunguliwa hapa maktaba ya Seif bin Salim pamoja na chumba cha kusomea bure. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake Al-Islah, akawasema watu wa pwani kwa lugha yao wenyewe. Hapo Nairobi, maktaba ya Macmillan iliyofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa kwa miaka mingi ya ukoloni ya Wazungu peke yao. Zamani mlango wa kusoma ulifungwa kwa rangi ya ngozi. Siku hizi wafungwa kwa bei na kwa kufuli. Aliye nje ni yule yule.

Sasa tuangalie sababu. Bandu bandu huisha gogo, na duka lile halikuangushwa na shoka moja.

Shoka la kwanza ni kodi. Mpaka mwaka 2013 vitabu havikutozwa kodi ya ongezeko la thamani, ile tuiitayo VAT. Mwezi wa Septemba mwaka huo sheria mpya ilianza kazi, na vitabu vikatiwa kodi ya asilimia 16. Hesabu yake ni nyepesi. Kitabu cha Sh. 500 kikawa Sh. 580. Mzazi mwenye watoto wawili, kila mmoja akihitaji vitabu vinne, alipe Sh. 640 zaidi, na hajapata hata ukurasa mmoja wa ziada. Uingereza, nchi iliyotuletea reli na kodi ya kibanda, haitozi VAT juu ya vitabu vya watu wake. Sisi tuliopata Uhuru ndio tumejitoza.

Shoka la pili ni namna ya kununua vitabu vya shule. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 2003, serikali ilipeleka fedha kwa shule, na shule zikanunua vitabu madukani. Duka la mjini liliishi kwa biashara hiyo. Faida ya vitabu vya hesabu na Kiingereza ndiyo iliyolipa kodi ya chumba, ili kamusi na diwani ya mashairi ziweze kukaa rafuni miezi sita zikimngoja mnunuzi mmoja. Kuanzia mwaka 2018 serikali ilibadili mwendo: wachapishaji wapeleke vitabu moja kwa moja mpaka shuleni, kila mtoto kitabu chake katika kila somo. Duka likarukwa.

Hapa tuseme kweli bila upendeleo. Kabla ya hapo fedha nyingi zilipotea njiani, na katika shule nyingi kitabu kimoja kiligombewa na watoto watatu au wanne. Mtoto wa mfanya kazi kupata kitabu chake mwenyewe ni jambo jema, na sisi hatutaki kurudi nyuma. Tunalosema ni kwamba kuna wauza vitabu waaminifu waliopigwa kwa makosa ya wezi, na hakuna aliyeuliza wao watakula nini, wala mji utasoma nini baada ya vitabu vya shule kwisha.

Shoka la tatu ni mtaala mpya ulioanza madarasa ya chini mwaka 2019. Kila mwaka darasa moja lilipanda, na kila mwaka vitabu vya zamani vya darasa hilo vikafa rafuni. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Mwenye duka aliyekuwa amenunua vitabu vya darasa la nane kwa fedha taslimu aliachwa na karatasi za kufungia njugu. Kati ya hayo, mwezi wa Machi 2020, korona ilifunga shule, na wanafunzi wote hawakurudi mpaka Januari 2021. Kodi ya chumba haikufungwa.

La nne latuhusu sisi watu wa Reli, na twalisema ingawa latuuma. Zamani abiria wa gari la moshi aliteremka katika steshini ya kisiwani, akafuata barabara ya Haile Selassie mpaka Digo Road, na njiani akapita maduka. Tangu katikati ya mwaka 2017 abiria wa reli mpya huteremka Miritini, bara. Makontena nayo yalipopakiwa kwenda Nairobi, watu wa malori, wa maghala na wa forodha waliona kazi yao inapungua, hata mwaka 2019 wakaandamana katika barabara za mji huu. Hatusemi reli mpya haifai. Wengine wetu hula kwayo. Twasema kwamba mtu aliyepoteza kazi hapunguzi unga kwanza. Hupunguza kitabu kwanza, kisha gazeti, kisha ndipo unga.

Wako watakaotuambia: “Vitabu vyote vimo katika simu.” Sisi nasi tunazo simu. Katika simu mtu husoma habari ya mpira, matangazo ya vifo, na maneno ya watu wasiojulikana. Yafaa, wala hatulaumu. Lakini fundi aliye chini ya behewa, mikono imejaa grisi, hafungui kurasa mia tatu katika kioo kilichopasuka, akingoja bando liishe. Tena simu humletea mtu lile alilolitafuta. Duka humwonyesha kile asichojua kuwa kipo. Kijana aliyeingia kununua kalamu akatoka na Sauti ya Dhiki, hakuwa ameitafuta.

Na kitabu hicho tukitaje kwa haki yake. Abdilatif Abdalla ni mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika karatasi ya kuuliza Kenya inakwenda wapi, na kwa ajili yake akafungwa miaka mitatu, toka 1969 mpaka 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973. Mgeni akija leo akatuuliza, “Vitabu vya washairi wenu vyauzwa wapi hapa kisiwani?”, tutamjibu nini? Tumwonyeshe Ngome ya Yesu, tumwonyeshe Ndia Kuu na milango ya nakshi, halafu kwa habari ya vitabu tutazame chini?

Lakini kulalamika peke yake si kazi ya chama. Tutazame waliofanya wengine. Huko London liko duka liitwalo New Beacon Books, lililoanzishwa mwaka 1966 na John La Rose, mtu wa Trinidad, pamoja na wenzake, kwa ajili ya vitabu vya watu weusi. La Rose huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyoundwa London mwaka 1982 kudai wafungwa wa siasa wa Kenya wafunguliwe, kwa hiyo ana deni letu. Miaka ya karibuni duka lile nalo lilifika ukingoni, likatangaza kwamba litafunga mlango. Wasomaji hawakungoja serikali. Walichanga, huyu kidogo na yule kidogo, na mlango ukabaki wazi. Watu wale walikuwa wasomaji kama sisi.

Sisi twajua kuchanga. Twachangia maziko, twachangia arusi, twachangia karo, na kila mwezi fedha ya chama hukatwa katika mshahara kabla hatujaiona. Twazo Sacco zilizojenga nyumba na kununua mashamba. Na wazee wetu wa bandarini na wa Reli, katika mgomo mkuu wa Januari 1947, walisimama pamoja katika mji huu bila ya simu wala bando. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Kama wao waliweza kushika mji mzima, sisi twashindwa na rafu ya vitabu?

Kwa hiyo twaomba mambo haya yatiwe katika ajenda ya mkutano ujao wa tawi:

1. Chama kiungane na walimu na wachapishaji kudai kodi ya VAT iondolewe juu ya vitabu, na wabunge wetu wa Mombasa waulizwe waziwazi wako upande gani.

2. Serikali ya Kaunti iulizwe juu ya maktaba za umma za kisiwa hiki: zina vitabu gani, na kwa nini zisifunguliwe jioni, saa ambayo mfanya kazi ametoka kazini.

3. Vitabu vya shule viendelee kufika bure kwa kila mtoto, lakini vitabu vya ziada na vya maktaba za shule vinunuliwe katika maduka ya mji, kwa hesabu iliyo wazi.

4. Katika ofisi ya tawi liwekwe kabati la vitabu. Kianzio kiwe Katiba, sheria za kazi, mapatano yetu na mwajiri, kamusi, vitabu vya ufundi, na waandishi wa Kiswahili. Kila atakayeazima aandikwe.

5. Sacco iulizwe kama yaweza kukopesha wanachama watakaotaka kuendesha duka dogo la vitabu kwa ushirika. Tukiambiwa haiwezekani, tuonyeshwe hesabu.

6. Yale maduka machache yaliyobaki kisiwani, na wale vijana wanaouza vitabu vilivyotumika kando ya barabara, tununue kwao. Anayenunua kitabu kimoja kwa miezi mitatu amefanya zaidi ya anayesikitika kila siku.

Jambo la nne halingoji mtu. Halihitaji barua ya Nairobi wala ruhusa ya mwajiri. Lahitaji kabati, kufuli, daftari, na mtu mwaminifu wa kushika ufunguo. Kabati la zamani liko katika karakana, nasi tumekwisha liomba. Mafundi wawili wamekubali kulitengeneza kwa wakati wao. Kila mwanachama atakayekuja mkutanoni na aje na kitabu kimoja alichokwisha kukisoma. Asiye na kitabu aje na msumari.

Sisi wenzenu wa Reli, Mombasa