Kuokoka Si Kutougua

Hapa Arusha, kuanzia Levolosi hadi vijiji vya Meru, husikika mafundisho yanayojengwa juu ya kitenzi kimoja cha Kigiriki: sozo. Hoja yenyewe ni hii: sozo ni kuokoa na pia kuponya, basi aliyeokoka ameshapona, na akiugua, imani yake ina kasoro. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ni uongo, tena uongo unaoua.

Sozo latokana na neno la kale lenye maana ya kuwa mzima na salama. Ndiyo sababu Biblia yetu inalitafsiri kwa njia mbili. Mwanamke aliyetokwa damu anaambiwa imani yake imemponya (Marko 5:34). Mwenye dhambi nyumbani kwa Simoni anaambiwa imani yake imemwokoa (Luka 7:50). Kitenzi ni kimoja, lakini hatuambiwi popote kwamba huyu wa pili alikuwa mgonjwa.

Tusome Luka 17. Wenye ukoma kumi walitakaswa wote, ila sozo aliambiwa mmoja tu, Msamaria aliyerudi kushukuru. Kama sozo ni afya tu, wale tisa walikosa nini?

Tuje msalabani (Marko 15:31). Wakuu wa makuhani walimdhihaki Bwana kwamba aliwaokoa wengine, mwenyewe hawezi kujiokoa. Kitenzi ni kile kile. Hao ndio waliopima wokovu kwa mwili kunusurika. Je, tuwe wanafunzi wao? Na Paulo alipomwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto (2 Timotheo 4:20), hatusomi kwamba alimlaumu kwa upungufu wa imani.

Mwaka 2011 barabara ya Samunge, Loliondo, ilijaa wagonjwa waliokwenda kunywa kikombe. Kiu ile ya kupona si ya kuchekwa. Lakini anayemwambia mwenye kisukari au mwenye virusi vya Ukimwi atupe dawa ili athibitishe imani, anamtwika mzigo ambao Kristo hakumtwika.

Ndugu, tuwaombee wagonjwa kwa ujasiri, tuwapake mafuta kama Yakobo anavyoagiza, kisha tuwasindikize Kituo cha Afya Levolosi. Mungu akiponya, tushukuru. Asipoponya leo, mgonjwa yule bado ni wa Kristo, wala mtu asimnyang'anye wokovu wake kwa Kigiriki cha nusu nusu.