Nakuru haihitaji magari yenye kasi zaidi, inahitaji saa

Leo naiweka Java kando nizungumzie magari, ingawa mtaona sijaenda mbali sana na kompyuta.

Sisi watu wa Nakuru tunapenda mbio. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, mashabiki hujaa vumbi Soysambu na Elmenteita. Lakini rally ni mchezo wa gharama. Kijana mwenye Subaru ya turbo hana pa kwenda, basi usiku anapimana nguvu na mwenzake kwenye barabara kuu ya Nairobi, katikati ya malori na matatu. Sheria inakataza, polisi wanawafukuza, nao wanarudi. Tunasubiri wafe ndipo tuseme tuliwaonya?

Marekani walipitia haya haya. Wally Parks alianzisha chama cha NHRA mwaka 1951 ili kuwatoa vijana barabarani, na mashindano yao rasmi ya kwanza, mwaka 1953, yalifanyika Pomona kwenye uwanja wa kuegesha magari. Mwaka huo huo Safari Rally ilianza kwetu. Kutokana na mwanzo huo wakatokea mabingwa kama Shirley Muldowney, mwanamke aliyetwaa taji la Top Fuel mwaka 1977, 1980 na 1982, na Antron Brown, bingwa wa kwanza mweusi wa daraja hilo, mwaka 2012. Magari yao sasa hupita kilomita 500 kwa saa katika mita 305 tu.

Maoni yangu ni haya: kinachotofautisha mbio za dragi na wazimu wa barabarani ni saa. Magari mawili, mstari ulionyooka, mita 402. Miale ya mwanga inakatiza njia mwanzoni na mwishoni. Saa ya gari haianzi taa ya kijani inapowaka, inaanza gari linapoondoka kwenye mwale. Dereva A akichelewa sekunde 0.40 baada ya kijani na kumaliza kwa 12.30, anamshinda B aliyechelewa 0.65 na kumaliza kwa 12.10. Gari la B lina kasi zaidi, lakini dereva wake alisinzia!

Na msiniambie video ya simu inatosha. Kwa picha 30 kwa sekunde, gari la kilomita 160 kwa saa husogea karibu mita moja na nusu kati ya picha na picha. Hapo ndipo ngumi huanza.

Kitu kinachonifurahisha zaidi ni ule mtindo wa kutangaza muda wako kabla ya kukimbia. Probox ikitangaza 18.00 na Subaru 14.50, Probox inapewa kijani sekunde 3.50 mapema. Lakini ukikimbia chini ya muda uliotangaza, unashindwa. Kwa hiyo mshindi si mwenye pesa nyingi, ni anayelijua gari lake. Sisi waandika programu tunaoulizwa kila wiki "itakamilika lini?" tunajua ugumu wa kukadiria!

Wengine husema hewa ya huku juu ni nyepesi, injini zinapoteza nguvu. Kweli, tuko kama mita 1,850. Lakini uwanja wa Bandimere karibu na Denver ulikuwa karibu mita 1,780, na ulitumika tangu 1958 hadi 2023.

Mtambo wenyewe? Maikrokontrola moja, vihisi vya infraredi kila njia, taa, na nyaya ndefu. Tumieni saa moja kwa njia zote mbili, si simu mbili zinazozungumza kwa Wi-Fi, maana ucheleweshaji wa mtandao hubadilika badilika. Programu yake ni kazi ya wikendi chache. Kilicho kigumu ni lami iliyofungwa, kuta za kinga, ambulansi, bima na kibali, na hapo ndipo kaunti na wenye vilabu vya magari wanapaswa kuingia.

Jiji hili halikosi madereva wala mafundi. Wapeni saa na mahali salama, halafu tuone nani atabaki barabarani saa sita usiku. Mimi niko tayari kuandika programu. Nani ana lami?