Karani wa AMCOS Anamjibu Nani?

Msimu wa korosho ukifunguliwa Mtwara, mtu anayetazamwa kuliko wote ni karani wa mizani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Anapima gunia, anaandika stakabadhi, mkulima anarudi nyumbani na karatasi. Pesa bado: mzigo ufike ghala kuu, upigwe mnada, mnunuzi alipe, makato yakatwe, ndipo benki. Malipo yakichelewa, au kilo zikipungua zikaitwa unyaufu, karani ndiye mwizi.

Wezi wapo, sibishi. Lakini tumebadilisha makarani, bodi, hata sheria, na kilio ni kile kile. Mtu mwema ukimkalisha kwenye kiti kile, baada ya misimu miwili atasema kama aliyemtangulia. Kiti kina mantiki yake.

Tazama kilikotoka. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa Kilimanjaro walianzisha chama chao, KNPA. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama cha ushirika, KNCU, chini ya sheria ya ushirika ya wakoloni, na baadaye wakulima wakalazimishwa kuuza kupitia humo tu. Mwaka 1937 zikazuka ghasia: wakulima dhidi ya chama kinachoitwa chao! Uhuru haukuikata kamba hiyo ya kuamriwa kutoka juu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Chombo kinachofutwa na kufufuliwa kwa tamko la juu hujifunza upesi kutazama juu.

Ndiyo maana taarifa ya chama humfikia Mrajis, msimamizi wa serikali wa vyama vya ushirika, ikiwa imenyooka, huku mwanachama akisomewa mbiombio mkutanoni.

Mantiki hii ya kutazama juu na maisha ya mwanachama viligongana waziwazi mwaka 2018. Wakulima waligomea bei ya mnadani, Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri. Kisha ukaja uhakiki: una shamba wapi, ekari ngapi, hizi kilo umezitoa wapi? Lengo lilikuwa kuwanasa wa kangomba, wanaonunua korosho kwa mkulima kwa bei ya chini na kuziuza kama zao. Kwa serikali, kangomba ni kosa. Kwa mama aliyeishiwa unga miezi kabla ya mavuno, yule mnunuzi ndiye pekee aliyefika mlangoni na noti mkononi. Ushirika ulimwambia asubiri; njaa haikumwambia hivyo. Viongozi wa chama wanamjua mama huyo, pengine ni shangazi wa mmoja wao, na bado fomu ya uhakiki haina mahali pa kuandika njaa.

Watetezi wa mfumo wana hoja. Kabla ya mfumo huu, uitwao stakabadhi ghalani, kuanza Mtwara msimu wa 2007/08, mnunuzi binafsi alikuja na mizani yake na bei yake, mkulima akapokea alichopewa. Sitaki turudi huko. Lakini mnada unaweza kubaki na karani akabadilishiwa bwana: posho yake ipitishwe na mkutano wa wanachama, hesabu ya unyaufu ibandikwe ukutani ghalani, kwa kilo na kwa tarehe, kabla nakala haijapelekwa wilayani. Na chama kitenge mkopo mdogo wa miezi ya njaa, kabla wa kangomba hajabisha hodi.