Usifute meseji ya ruzuku, futa video za magroup

Siku hizi swali ninaloulizwa sana nikipita vijijini, kuanzia Kimamba mpaka Ruhembe, siyo la mbolea wala la viwavi. Ni hili: "Bwana shamba, simu inaniambia nafasi imejaa, nifanyeje?" Mmoja anataka kupiga picha, simu inakataa. Mwingine WhatsApp haipokei kitu mpaka apunguze vilivyomo. Mwingine simu inaganda kila anapoigusa, ameshaamini imekufa.

Nisingeandika habari za simu kwenye ukurasa wa kilimo kama jambo hili lisingegusa shamba. Linagusa. Mtu akiona simu imejaa anaingiwa na haraka, na kwa haraka hiyo anafuta kilicho karibu: meseji zake na picha alizopiga mwenyewe shambani. Video alizotumiwa na watu asiowajua zinabaki. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo tunapoumia. Vinavyofutwa ndivyo vyenye thamani, na vinavyobaki ndivyo vinavyojaza simu.

Meseji haijazi simu

Tuanze na meseji za kawaida. Meseji moja ya maandishi ina herufi 160 tu. Ukikusanya meseji elfu moja, zote kwa pamoja hazifiki uzito wa picha moja ya kamera ya simu. Kwa hiyo ukikaa jioni nzima kufuta meseji, umepoteza muda na nafasi hujapata.

Lakini angalia ulichofuta. Tangu msimu wa 2022/2023, serikali ilipoanza mpango wa ruzuku ya mbolea, mkulima aliyesajiliwa anatumiwa namba yake kwa meseji, na kwa namba hiyo anachukua mbolea kwa wakala. Ukiifuta, siku ya kwenda dukani unaanza kuzunguka ofisini kuitafuta, na mvua haikusubiri. Hali ni hiyo hiyo kwa meseji za muamala, iwe M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa. Umemlipa mwenye trekta, umewalipa vibarua wa palizi, umetanguliza hela ya magunia. Mtu akikana, meseji ndiyo risiti yako.

Kwa hiyo meseji za ruzuku na za malipo zisiguswe. Na namba ya ruzuku iandike kwenye daftari pia, kwa sababu simu inaweza kutumbukia majarubani.

Picha ya shamba ni ushahidi

Sasa picha. Sisi wa Kilosa na Mikumi tunajua mazao yanavyoweza kupotea usiku mmoja. Upande wa Mikumi tembo wanatoka hifadhini na kuingia kwenye mahindi. Upande wa mabondeni ng'ombe wanaingia kwenye mpunga. Sitaki kurudi nyuma sana, lakini Desemba 2000 kule Rudewa Mbuyuni ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya thelathini. Hatutaki tena mambo hayo yaamuliwe kwa mapanga na mikuki. Yapelekwe ofisini, na ofisini wanataka kuona.

Nikiitwa kufanya tathmini ya uharibifu naangalia ukubwa wa eneo, aina ya zao, hatua liliyofikia na kiasi kilicholiwa. Nikifika siku ya tatu na mvua imeshanyesha, nyayo zimefutika na mabua yameanza kuoza. Picha iliyopigwa asubuhi ile ile inasaidia sana. Picha ya shamba kabla ya kuliwa inasaidia zaidi, maana inaonyesha kulikuwa na nini. Kwa uharibifu wa wanyamapori kuna utaratibu wa kifuta jasho, na unaanzia kwenye taarifa yako kwa mtendaji wa kijiji. Picha peke yake haikulipi wala haimalizi mgogoro, ila inampa mtendaji mahali pa kuanzia.

Kuna jambo wengi hawalijui. Picha halisi iliyo kwenye simu yako inabeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa uzito na taarifa hizo zinaondolewa. Kwa hiyo usiseme "nilishamtumia bwana shamba" halafu ukafuta ya kwako. Ile ya kwako ndiyo yenye nguvu.

Hata kwa wadudu ni hivyo hivyo. Kiwavijeshi vamizi aliingia nchini mwaka 2017 na hajaondoka. Anakaa ndani ya moyo wa mhindi, na akiwa mdogo ndipo anapodhibitika kirahisi. Ukinitumia picha ya moyo wa mhindi, ya jani kwa karibu na ya shamba kwa ujumla, naweza kukushauri kabla sijafika. Wakulima wa nyanya wenye kantangaze mnanielewa. Na mara nyingi ukiwa shambani mtandao hakuna, picha inabidi ikae kwenye simu mpaka utoke barabarani. Isipokuwa na pa kukaa, haipigwi.

Nani amejaza simu?

Wengi wetu tuna simu za GB 16 au 32. Katika hizo, mfumo wa simu wenyewe unachukua sehemu kubwa kabla hujaweka kitu chochote. Kinachobaki ndicho tunachogombania.

Hesabu magroup uliyomo: la kijiji, la AMCOS, la VICOBA, la kwaya, la kamati ya harusi, la wazazi wa shule, la Simba au Yanga. Picha zinajipakua zenyewe. Video ukiigusa mara moja uione, inabaki kwenye simu hata kama hutaiangalia tena. Chukua mfano mdogo tu: ukifungua video tano kwa siku, kila moja MB 15, hizo ni MB 75. Kwa mwezi ni zaidi ya GB 2. Miezi minne tu simu ya GB 16 haina pumzi tena. Na kumbuka hizo MB umezilipia kwa bando lako.

Hapa nina neno na maadmini wa magroup ya wakulima, pamoja na maafisa wenzangu. Tangazo la mkutano wa kijiji halihitaji video ya dakika tatu. Bei ya ufuta au ya mbaazi inaandikwa kwa maneno mawili. Picha za maua za "asubuhi njema" zina nia nzuri, lakini watu mia mbili wakitumiana kila siku zinakuwa mzigo. Naona kila group la wakulima liwe na sheria moja rahisi: maandishi kwanza, picha kwa tatizo la shambani, video pale tu ambapo maneno na picha vimeshindwa. Mtu mwenye simu ndogo naye ana haki ya kupata habari.

Safisha kama unavyosafisha ghala

Hakuna mkulima anayemwaga mahindi mapya juu ya ya zamani bila kufagia ghala. Mabaki ya mwaka jana yana dumuzi, na huyo akikuta chakula kipya anaendelea na kazi. Tunatoa vya zamani, tunachagua kinachofaa, tunafagia, ndipo tunaingiza. Simu ni vivyo hivyo. Fuata mpangilio huu.

1. Mjue anayekula nafasi. Ingia Mipangilio, kisha Hifadhi. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, tafuta Settings halafu Storage. Utaona video zinakula ngapi, picha ngapi, programu ngapi. Usifute kitu kabla ya kuangalia hapa.

2. Okoa vya thamani kwanza. Kama simu yako inapokea memori kadi, hamishia huko picha za shamba, za risiti na za familia. Akaunti ya Google nayo inakupa GB 15 bure za kuhifadhi mtandaoni, ila kupandisha picha kunahitaji bando, na uhakikishe zimefika kweli kabla ya kufuta. Jihadhari hapa: kwenye Google Photos, picha iliyokwisha kuhifadhiwa mtandaoni ukiifuta kwa alama ya pipa la taka, inaondoka kwenye simu na mtandaoni pia. Kuna sehemu yake maalumu ya kupunguza mzigo wa simu, inayoondoa nakala ya kwenye simu tu na kuiacha ya mtandaoni. Tumia hiyo.

3. Nenda WhatsApp. Gusa vidoti vitatu juu, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya hifadhi na data, halafu ya kudhibiti hifadhi. Hapo WhatsApp yenyewe itakuonyesha mafaili yenye zaidi ya MB 5, vitu vilivyosambazwa mara nyingi, na kila group limechukua kiasi gani. Anza na vilivyosambazwa mara nyingi. Hivyo havikuandikwa kwa ajili yako, vimezunguka nchi nzima. Angalia, chagua, futa.

4. Funga mlango. Ukiwa kwenye hiyo sehemu ya hifadhi na data, ondoa tiki kwenye picha, sauti, video na nyaraka kujipakua zenyewe. Kuanzia hapo picha na video zinaingia zile unazozigusa wewe tu. Bando nalo litakaa.

5. Fagia mabaki. Facebook, TikTok na programu nyingine huweka mabaki ya muda ambayo mafundi wanayaita keshi. Kuyafuta hakuna madhara. Lakini soma vizuri kabla ya kubonyeza: jirani yake kuna sehemu ya kufuta data zote za programu. Ukiigusa hiyo kwa upande wa WhatsApp, mazungumzo yako kwenye simu yanaondoka. Usiiguse.

6. Toa programu usizotumia. Magemu ya watoto, programu za kubeti, zile zilizokuja na simu na hujawahi kuzifungua. Baadhi ya zilizokuja na simu hazitoki, ila unaweza kuzizima.

7. Mwaga pipa la taka. Hapa ndipo watu wanasema "nimefuta lakini nafasi haijaongezeka." Simu nyingi hazifuti picha papo hapo, zinaziweka kwenye pipa kwa muda. Google Photos inaweza kuzishika siku 30 mpaka 60. Ingia kwenye pipa, hakikisha hakuna unachokihitaji, kisha limwage.

Kuhusu programu za "kusafisha simu"

Utaona matangazo: "Simu yako ina virusi 14, bonyeza hapa usafishe." Usibonyeze. Nyingi ya programu hizo zinakula nafasi zenyewe, zinakujazia matangazo, na nyingine zinaomba ruhusa ya kuona vitu visivyozihusu. Ukitaka msaidizi, Files ya Google inatosha. Ni ya bure, na huwa imeshawekwa kwenye simu nyingi za Android.

Wapo watakaosema dawa ni kununua simu kubwa. Mwenye uwezo anunue, simkatazi. Lakini kwa tabia ile ile, simu ya GB 64 nayo itajaa, itachelewa tu. Na kwa wengi wetu hela ya simu mpya ni hela ya mbegu na mbolea ya msimu mzima. Sioni busara ya kuuza gunia la mpunga ili kupata mahali pa kuweka video za watu.

Wengine wataniambia simu siyo ya kazi tu, ina raha yake. Kweli kabisa. Video ya mjukuu akianza kutembea, ya kwaya yenu siku ya Pasaka, ya ngoma ya harusini, hizo zitunze. Kipimo changu ni kimoja: je, utakitafuta tena kitu hiki? Kama ndiyo, kibaki. Kama hata hukumbuki nani alikutumia, kitoke.

Nafasi ukiipata itumie vizuri. Iko programu ya PlantVillage Nuru, inazungumza Kiswahili, inakagua magonjwa ya muhogo na dalili za kiwavijeshi vamizi kupitia kamera, na ikishawekwa inafanya kazi shambani bila intaneti. Haichukui nafasi ya bwana shamba, lakini mimi ni mmoja na vijiji ni vingi.

Kazi yote hii haizidi nusu saa. Fanya jioni moja kabla ya kuanza kuandaa shamba, kisha rudia walau mara moja kwa mwezi. Kijana wa nyumbani anaweza kukusaidia kubonyeza, lakini uamuzi wa nini kifutwe uwe wako, maana yeye hajui picha ipi ni ya mpaka wa shamba na ipi ni ya risiti ya pembejeo.

Ukishamaliza, toka uende shambani ukapige picha nne, moja kila kona. Hizo ndizo za kwanza kukaa kwenye nafasi uliyoipata, na zisifutwe mpaka umevuna.